Fundi Aliyepanua Suruali

Mume wangu ni fundi cherehani, na akili zake zote ziko kwenye sindano. Tumbo lilipoanza kumsumbua, yeye hakwenda hospitali. Alifumua kiuno cha suruali yake akaongeza kitambaa, eti inambana. Kesho yake akafumua tena, akatia lastiki. Jamani! Tumbo linauma, yeye anatibu suruali!

"Baba watoto, twende hospitali," nikamwambia.

"Ni gesi tu hii."

"Gesi gani inakufanya ushone umejikunja?"

Akavuta kitambaa, akaendelea kushona. Nilijua anachoogopa. Kaka yake aliingia hospitali ameshika tumbo, akatoka amefunikwa shuka. Tangu hapo mume wangu akiona geti la hospitali huvuka barabara. Nilimwonea huruma, lakini huruma haitibu.

Asubuhi moja nikamkuta ameinamia cherehani, jasho linamtiririka, mguu umeganda kwenye pedeli. Mteja amesimama pembeni akingoja gauni lake.

"Dada, samahani, njoo wiki ijayo," nikamwambia mteja. Kisha nikamgeukia mwenye tumbo. "Mficha maradhi kifo humuumbua! Mimi ujane siutaki, umesikia? Nakupenda, mbishi wewe. Inuka!"

Mteja akatazama chini kwa haya. Mume wangu akainuka, akajishikilia begani kwangu.

"Usiniache peke yangu," akasema kwa sauti ndogo.

Hospitalini daktari alimbonyeza tumbo upande wa kulia, mzee mzima akapiga ukelele. Ni kidole tumbo, daktari akasema, na kimekaribia kupasuka. Apasuliwe sasa hivi. Nilimshika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, hapo wakanizuia.

Nikakaa kwenye benchi. Kila mlango ulipofunguliwa, moyo ulinipiga paa! Nilimwomba Mungu, nikamgombeza mume wangu kimoyomoyo, nikaomba tena. Mhudumu alinipa maji, nikayaweka chini ya benchi.

Jioni wakaniita wodini. Nilikuwa nimeshamwandalia maneno yake: ya ukaidi, ya lastiki, ya kunitia presha bure. Nikamkuta amelala chali, midomo imemkauka, bandeji tumboni. Akafumbua macho taratibu, akanitafuta mpaka akanipata.

"Mama watoto," akanong'ona, "umekula?"

Yaani mtu katoka kupasuliwa tumbo, anaulizia langu!

"Bado," nikasema, na kilio nilichokibana kutwa nzima kikanitoka.