Wale Wawili wa Kushoto na Kulia

Wiki ya tatu tangu kaka yake akamatwe, mwanamke aliyekuwa akifasiri Injili kwa lugha ya kwao alifika kwenye aya ya wale wawili waliosulubiwa pamoja na Yesu.

Kaka yake alikuwa fundi bomba. Yeye na wenzake walilala barabarani ili matingatinga yasibomoe mtaa wao. Purukushani zikazuka, askari mmoja akafa. Hati ya mashtaka ikasema: ujambazi wa kuua. Adhabu yake kitanzi.

Mfasiri aliinamia kamusi ya Kiyunani. Neno lilikuwa lestes. Mwizi wa kunyemelea ana neno lake, kleptes. Lestes ni mnyang'anyi mwenye silaha, lakini watawala wa kale walimwita hivyo hivyo yeyote aliyeinuka dhidi yao. Akaandika "waasi". Akafuta. Akaandika tena.

Mwenyekiti wa kamati ya tafsiri, mchungaji mstaafu, alivua miwani. "Mwanangu, watu wamezoea wezi."

"Baba, mwizi wa kuku hakusulubiwa."

"Sawa. Lakini unatafsiri Maandiko, au unamtetea kaka yako?"

Hata yeye hakujua.

Mfa maji haachi kutapatapa. Alichomoa ukurasa ule wa kamusi, yeye ambaye hajawahi hata kukunja ncha ya kitabu, akamkimbilia wakili wa kaka yake kwenye ngazi za mahakama. Wakili aliusoma wote, kwa heshima. "Dada yangu," akasema, "hakimu hahukumu kwa Kiyunani."

Mwishowe hukumu ikasomwa kwa lugha ya serikali, ambayo mama yao hakuijua. Kaka mtu alisimama kizimbani, mikono imefungwa, akitazama dari kama anayetafuta mahali panapovuja. Mama akamvuta binti yake kanga.

"Wanasemaje?"

"Anyongwe, mama."

Bibi kizee hakulia. Aliuliza, "Na lile neno wanalolirudiarudia? Wanamwitaje mwanangu?"

Miaka kumi na minne mfasiri alikuwa anakula kwa maneno. Alilitafuta moja la lugha ya nyumbani, akalitafuta tena. Yaliyokuja yote yalikuwa ya wezi.

"Niambie, mwanangu."

"Sijui, mama," akasema, na machozi yakamtangulia. "Hilo silijui."

Askari walikuwa tayari wanamteremsha kaka yake ngazi za kwenda mahabusu.