Kifungo Kisicho na Matundu

Mwanangu ndiye aliyenibamba. Alikuwa anamalizia shati la mteja msumbufu, akatia mkono kwenye kopo la vifungo vyeupe, akatoa kimoja, akakigeuza huku na huku akitafuta pa kupitisha sindano. Kilikuwa kidonge changu. Akamwaga kopo zima juu ya meza ya kukatia, akachambua kimya kimya kama anayechagua mchele. Alipata kumi na vinne.

"Mama, hivi vifungo havina matundu," akasema.

Nilijitia kucheka. Yeye hakucheka.

Nina kifafa tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja, na cherehani nimeianza nikiwa na kumi na saba. Viwili hivyo vimeweza kukaa nyumba moja kwa sababu ya vidonge, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Tatizo ni mama yangu. Alikuwa dobi, na ni mwaka wa tisa sasa tangu afariki. Kila ninapokaribia kuanguka, nasikia harufu ya kitambaa kibichi chini ya pasi ya mkaa, na najua yupo nyuma yangu. Simwoni, najua tu. Halafu ananiita kwa jina la utotoni, Kisindano, maana nilikuwa mwembamba wa kutisha. Kabla hajasema alichoniitia, giza linanichukua.

Mwaka jana nilibadilishiwa vidonge, na hivi vipya vilipozima kifafa kabisa vilimzima na yeye. Nilimkumbuka mno, sina namna nyingine ya kulisema. Nikaanza kuruka kidonge cha jioni.

Mwanangu ana miaka ishirini na roho ngumu kuliko yangu. Alichomoa waya wa pasi ukutani, akafunga duka mchana kweupe, akanipeleka kwa daktari wangu wa ubongo. Nilimweleza daktari kila kitu nikitegemea atanicheka. Akasema harufu ile na ule wito ni kifafa chenyewe kinapoanza, kingali kidogo, mahali fulani ndani ya kichwa usawa wa sikio, ambapo harufu na kumbukumbu ni majirani. Chembe za ubongo za pale, badala ya kupokezana umeme, zinaurusha zote kwa mpigo. Ukisambaa, naanguka. Kwa nini uanzie hapo, na kwa nini dawa iwatulize wengine na kwa wengine ishindwe, bado wanatafuta. Alikuwa na utafiti unaendelea: unalazwa siku chache, nyaya kichwani, kamera ukutani, dawa inapunguzwa wao wakikuangalia.

"Ukitaka kuziacha, ziachie hapa," akasema, "si mbele ya pasi ya moto."

Nilikubali upesi mno. Mwanangu akanitazama kwa jicho la pembeni. Alijua siendi kwa ajili ya utafiti wa mtu. Nilifungasha lile gauni la bluu ambalo mama alilipenda.

Siku ya tatu ya kulazwa, asubuhi, mama alikuja. Harufu kwanza, kisha "Kisindano." Nilipozinduka ulimi ulikuwa umeumia na mwili mzima unauma.

Kesho yake daktari alituonyesha. Upande mmoja wa kioo cha kompyuta kulikuwa na mistari ya ubongo wangu, upande wa pili ni mimi kitandani. Mistari ilikuwa inatambaa taratibu, kisha michache kati yake ikaanza kutetemeka.

"Hapa ndipo alipokuja," daktari akasema kwa upole.

Nikajiona nikiinua uso na kutabasamu. "Abee, mama," nikajisikia nikisema. Yote hayo sekunde kumi na tisa. Nilimwomba daktari arudishe picha nyuma, akarudisha mara mbili.

Mara ya tatu nikamwambia aiache iendelee. Umri wote huu sikuwahi kuona kilichofuata. Mwili ulikakamaa, ukaanza kurushwarushwa. Muuguzi akanilaza ubavu, hakunitia kitu mdomoni. Na mwanangu alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, mkono begani kwangu, ananiita. Mama. Mama. Hakupiga kelele, aliita kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. Mtikisiko ulikwisha, macho yangu yakafunguka, yakampita tu. Akaendelea kuita.

Nilimwuliza kama huwa anafanya hivyo kila mara.

"Tangu nina miaka mitano," akasema. "Nangoja uitike."

Daktari alinirudishia dawa, nasi tukarudi dukani. Jioni ya kwanza nilisimama jikoni na kidonge kiganjani, nikavuta pumzi nikitafuta ile harufu. Haikuwapo. Nilimtamani mama. Nikakimeza, nikashushia maji.

Mwanangu akaniita kutoka dukani.

"Abee," nikaitika.

Akasema anatafuta chaki. Nilipofika nilimkuta anayo mkononi, na akaniita tena.