Mahali Skrini Ilipozimikia

Nembo ya mtengenezaji ilitokea katikati ya skrini, ikakaa kidogo, kisha kila kitu kikawa cheusi.

Bi Nusu hakushtuka. Alinyoosha kidole akabonyeza kitufe cha herufi kubwa kwenye kibodi. Taa yake ndogo ya kijani ikawaka. Akabonyeza tena, ikazimika.

"Ipo hai," alisema. "Imepofuka tu."

"Basi ipeleke kwa daktari wa macho," dada yake alijibu kutoka kwenye cherehani, bila kuinua uso. "Meza hiyo ndiyo niliyokuwa nikikatia vitambaa, usisahau."

"Sijasahau, dada."

"Tangu wiki iliyopita hujasahau, na vitambaa vyangu viko kitandani."

Bi Nusu alicheka. Aliiwasha upya mashine kwa mfumo wa zamani, ule usiomzimikia mtu njiani, akalijibu swali la programu aliyoitumia kulitafuta kosa. Baada ya kila jaribio programu ilimuuliza jambo moja tu: nzuri au mbaya? Aliandika mbaya. Feni ikaanza kuvuma na mashine ikaanza kuunda jaribio jingine, kazi ambayo ingeichukua sehemu kubwa ya siku.

Jina la Bi Nusu alipewa na dada yake huyuhuyu, mshonaji mwenye ulimi mkali na moyo mwepesi. Waya wa umeme uliwahi kukatika mahali fulani juu ya dari, nyumba ikawa giza. Mdogo mtu alipanda, akaenda moja kwa moja hadi katikati ya waya, akapima. Umeme unafika hapa? Unafika. Basi nusu hii haina kosa, tuachane nayo. Akaenda katikati ya nusu iliyobaki, kisha katikati ya robo, mpaka akaweka kidole palepale panya alipotafuna. Tangu siku hiyo akawa Bi Nusu, na jina likamfuata hadi kazini, kwenye maktaba ya umma, alikokuwa mtunza chumba cha kompyuta.

Kompyuta za chumba kile zilikuwa za msaada, zote za aina moja, zote zimekula chumvi. Zilitumia mfumo wa bure, unaoundwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani. Toleo jipya la mfumo huo lilikuwa bado jikoni, likigawiwa kwa yeyote mwenye moyo wa kulijaribu kabla halijatolewa rasmi. Bi Nusu alilijaribu kwenye mashine moja iliyovunjika kasha, ambayo Mkuu wa maktaba alimruhusu kuichukua nyumbani. Hapo ndipo skrini ilipozimika. Draiva, yaani ile programu inayozungumza na kadi ya picha, haikuelewana tena na kadi za kizee kama zile.

"Nisikilize vizuri," Mkuu alimwambia. Alikuwa mtu mpole aliyechoshwa na barua za wakubwa. "Toleo jipya likitoka, la zamani halitapata tena kinga dhidi ya virusi. Nimeambiwa mashine isiyo na kinga isiunganishwe na mtandao. Hizi zikishindwa kulibeba jipya, nitafunga chumba. Tutaweka viti vibovu."

"Na mimi, Mkuu?"

"Wewe utakaa mlangoni, upokee mikoba ya wasomaji."

Kukaa mlangoni si kifo. Lakini Bi Nusu alikipenda chumba kile, na hakuna haja ya kulizungukia neno hilo. Alipenda kukifungua asubuhi na kumkuta Mama Mapacha amekwisha fika, amewaacha wanawe chekechea, anasubiri kwenye ngazi kama mtu anayesubiri kuchota maji. Mama Mapacha alikuwa akijifunza uhasibu. Nyumbani hakuwa na kompyuta wala mahali pa kuiweka, na mtihani wake ulikuwa mwisho wa mwezi. Alibonyeza vitufe kwa nguvu kama anayesukuma kengele ya mlango usiofunguliwa, na kila alipokosea alijitukana kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo Bi Nusu alikwenda kwenye jukwaa la wajaribuji mtandaoni, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuiona sura yake, akaeleza shida. Akajibiwa na mtu aliyeiandika draiva yenyewe, ambaye wote walimwita Mzee wa Draiva. Aliishi mbali sana, kiasi kwamba kwake kulikucha wakati kwa Bi Nusu jua linazama. "Kadi hizo hata mimi sina tena," aliandika. "Mwenye kunionyesha badiliko lililoziharibu, nitalirekebisha. Mlango wa marekebisho unafungwa Jumatatu. Asipopatikana mtu, nitaziondoa kadi hizo kwenye orodha, na ndiyo mwisho wake."

Kati ya toleo lililowaka na toleo lililozimika kulikuwa na maelfu ya mabadiliko madogo madogo, yaliyofanywa na watu wasiojuana. Mwingine angeshika tama. Bi Nusu alishika katikati. Unda mfumo kama ulivyokuwa nusu ya njia, uwashe, utazame. Ukipata mwanga, kosa liko mbele. Ukipata giza, kosa liko nyuma. Kata tena. Njia hii haimtaki mtu mwenye akili nyingi. Inamtaka mtu asiyechoka na asiyedanganya, na watu hao ni adimu kuliko tunavyokiri.

Siku ya kufua, jaribio lilikuwa tayari wakati Bi Nusu ana beseni mkononi. Aliiwasha mashine, akatoka uani kuanika mashuka. Shuka moja lilimshinda kwa upepo, akahangaika nalo. Aliporudi, mikono yote maji, skrini ilikuwa nyeusi tii. Hakutaka kuigusa kibodi na maji yale. Alibonyeza kitufe cha kuwasha upya kwa kiwiko, akaenda kujifuta. Alipokaa mezani, mfumo wa zamani ulikuwa umefunguka na swali lilikuwa linamsubiri. Akaandika mbaya.

Kuanzia hapo mambo yakamnyookea. Jaribio lililofuata likawaka. La baada yake likawaka. Akawaka yeye pia, akawa anaimba jikoni, mpaka dada yake akamuuliza kama kuna mchumba. Ijumaa asubuhi, kabla hajaenda kazini, programu ikamtajia badiliko lenye kosa. Alilisoma, hakulielewa vizuri, ila aliiamini njia yake. Akalituma jukwaani kwa furaha.

Jibu alilikuta mchana, alipowasha simu wakati wa mapumziko. "Ndugu," Mzee wa Draiva aliandika, "badiliko hili linahusu ukurasa wa maelezo ya printa. Haliwezi kuzima hata mshumaa. Asante kwa kujaribu." Chini yake wengine walikuwa wameweka vikatuni vya kucheka machozi, vimepangwa foleni.

Uso ulimwaka moto. Aliificha simu mfukoni kana kwamba wasomaji wote waliiona. Mama Mapacha alimwita amsaidie kwenye jedwali lake, naye alikwenda akamsaidia vibaya, mpaka mwenzake akamtazama.

"Unaumwa, Bi Nusu?"

"Hapana. Kichwa tu."

Nyumbani alikaa mbele ya ile mashine bila kuiwasha. Ilikuwa rahisi sana kuingia mitini. Kule jukwaani alikuwa jina tu, asingerudi tena na hakuna ambaye angemtafuta. Mkuu angesema pole, umejitahidi. Mlangoni kuna kiti kizuri chenye mto. Alilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko angependa watu wajue. Kisha mkono wake, kwa mazoea tu, ukaiwasha mashine, naye akaanza kuyapitia majibu yake jinsi programu ilivyoyatunza.

Mbaya, nzuri, mbaya, nzuri tena, mbaya. Kisha nzuri, nzuri, nzuri, hadi mwisho. Akasogeza uso karibu. Tangu giza la siku ya mashuka hakuwa ameona giza jingine hata mara moja. Kila alipokata baada ya hapo, mwanga. Njia nzima ilikuwa imemsukuma pole pole hadi ukingoni mwa lile giza moja na kumwacha hapo. Kama giza lile lilikuwa la kweli, basi ukurasa wa printa unazima skrini. Kama lilikuwa la uongo, je?

"Dada," aliita. "Siku nilipoanika mashuka uligusa mashine yangu?"

"Uliniambia mashine isiguswe. Mashine sikuigusa."

"Uligusa nini?"

Cherehani ikanyamaza. "Nilichomoa waya wa skrini. Nilitaka kupiga pasi kola moja tu, mwenye shati alikuwa amesimama mlangoni. Halafu nikaurudisha ulipokuwa unajifuta! Nimeharibu?"

Bi Nusu alifumba macho. Hasira ilimpanda, na kuna maneno ambayo angeyasema, na dada angeyajibu, na chakula kingepoa kimya kimya. Akayameza.

"Hujaharibu, dada. Ungeungua mkono ningekulaumu. Mimi ndiye nilijibu kitu ambacho sikukiona. Sikujua kama nembo ilitokea kwa sababu sikuwepo. Ningekaa hapa ningeona kwamba haikutokea kabisa."

"Yote hayo kwa kola," dada alisema. Alikuwa karibu kulia.

"Kola ilinyooka?"

"Ilinyooka sana."

Wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka dada akashika mbavu.

Kisha Bi Nusu akafanya lile ambalo hadithi hii yote inasimuliwa kwa ajili yake. Alirudi jukwaani, palepale penye vikatuni vya kucheka, akaandika: "Jibu langu moja lilikuwa la uongo. Skrini haikuwa na umeme, nami sikuangalia, nikasema mbaya. Naanza tena kuanzia hapo. Lakini mashine yangu ni ya polepole, sitawahi Jumatatu. Nimeona niseme ukweli ili asije mtu mwingine akaifuata njia niliyoipotosha." Akatuma, akaenda kula.

Asubuhi ya Jumamosi jibu lilikuwa limefika. "Nimeandika draiva nusu ya umri wangu," Mzee alisema. "Kila siku naambiwa kazi yangu ni mbovu. Sijawahi kuambiwa na mtu kwamba jibu lake mwenyewe ndilo bovu. Sikiliza. Mimi nina mashine yenye nguvu, sina kadi. Wewe una kadi, huna nguvu. Nitaunda mimi, nikutumie. Wewe tazama tu, uniambie unachokiona."

Ndivyo walivyofanya. Kule upande wa pili wa dunia mashine kubwa iliunda kwa dakika chache kilichokuwa kikila siku nzima mezani kwa mshonaji. Faili lilifika, Bi Nusu akalitia kwenye flashi, akachomeka, akawasha, akatazama. Dada alivuta kigoda akakaa kando ya soketi, mkono juu ya plagi, kama askari wa benki. Jirani alikuja kuomba pasi, akafukuzwa.

"Nembo," Bi Nusu alisema. Hakupepesa. "Nembo bado. Giza."

"Umeme upo!" dada alipaza sauti. "Nauona, taa ya skrini inawaka!"

"Herufi kubwa?" Alibonyeza mwenyewe. Taa ikawaka, ikazimika. "Hai. Hili ni giza la kweli." Akaandika. Likaja jingine, likawaka. Likaja jingine. Mzee alikuwa haandiki tena salamu, ni faili na alama ya kuuliza, na yeye alimjibu kwa neno moja. Walikuwa kama watu wawili wanaobeba kabati kwenye ngazi nyembamba, huyu juu, huyu chini, kila mmoja akisikiliza hatua ya mwenzake.

Jua lilikuwa limehamia dirisha la pili walipofika. Badiliko moja likabaki, dogo, mistari michache. Mtu fulani alikuwa akisafisha, kwa nia njema kabisa, akapunguza muda ambao draiva huisubiri kadi iamke inapoitwa. Kadi mpya huamka papo hapo. Zile za kizee zilihitaji kusubiriwa kidogo, na mfumo ukizikuta bado hazijaitika ulipita zake.

"Kumbe hazikuwa mbovu," Mzee aliandika. "Hatukuzisubiri." Kisha akatuma faili la mwisho, lenye dawa.

Bi Nusu aliwasha. Nembo ikaja. Ikaondoka, skrini ikawa nyeusi, na dada akakamata plagi kwa mikono miwili. Weusi ukakaa. Halafu, taratibu, bila haraka yoyote, mwanga ukajaa kutoka pembe hadi pembe. Dada alipiga kigelegele hadi jirani wa pasi akarudi mbio kuuliza nani kaolewa.

Toleo jipya lilitoka likiwa na dawa ile ndani. Mkuu wa maktaba alifunga chumba siku mbili ili Bi Nusu aliweke kwenye mashine zote, na alisimama mlangoni akiangalia ya kwanza ikiwaka, mikono nyuma. Alitoa kalamu mfukoni, akaijibu ile barua ya wakubwa kuhusu kinga hapohapo, akiwa amesimama, karatasi ameiegemeza ukutani.

Chumba kilipofunguliwa, Mama Mapacha alikuwa ameshafika ngazini. Aliingia akiwa amenuna.

"Siku mbili, Bi Nusu! Na mtihani ndio huu. Mlikuwa mnafanya nini humu?"

"Nilikuwa naweka mfumo mpya."

Mama Mapacha alivuta kiti, akawasha. Nembo ikaja, ikaondoka, skrini ikawa nyeusi kwa kitambo, ikawaka. Akafungua jedwali lake, akapekua juu, akapekua chini.

"Mbona sioni kipya? Naona yaleyale."

"Ni yaleyale."

"Sasa kulikuwa na haja gani ya kutufungia nje?"

Bi Nusu alifungua mdomo. Aliona pa kuanzia, akaona na urefu wa safari, akaufunga. Mwenzake hakuwa akisubiri jibu tena. Alikuwa amekwisha inama juu ya hesabu zake, anafuta tarakimu moja na kuweka nyingine, midomo ikimtembea, na mwanga wa skrini umemkaa kwenye paji la uso. Bi Nusu alibaki amesimama nyuma ya kiti chake, funguo za chumba bado ziko mkononi, akiutazama mwanga ule.