Chumba cha Wageni cha Mwanahawa

Nyumba ya akina Mwanahawa, kule Ng'ambo, Tabora, ina chumba cha wageni ambacho mlango wake unatazama barabarani tu. Kutoka humo huwezi kupenya mpaka ndani. Mababu walikijenga hivyo enzi za misafara, ili mpagazi kutoka Ujiji ale, alale, aondoke na kunguni wake. Siku hizi kina mashuka ambayo hayajawahi kulaliwa na vikombe ambavyo watoto wa nyumba wakivigusa wanachapwa.

Ndiyo maana Mwanahawa, alipoweka kwenye kompyuta yake programu nyepesi ya kujikinga na virusi, alimweleza Shangazi Najiat kwa mfano huo.

"Hiki kidirisha, Shangazi, ni chumba cha wageni. Flashi ya mtaani naifungulia humu. Virusi vikiwemo vitahangaika humuhumu, kwangu haviingii. Nikikifunga, kila kilichomo kinafutika."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Kusema kweli alisikia "chumba cha wageni", akatosheka.

Jioni ile ukoo mzima ungekusanyika kutazama video ya harusi ya Doto, mdogo wake Mwanahawa. Video ilikuwa kwenye kompyuta ile tu, na Doto hataolewa mara ya pili ili ipigwe nyingine. Shangazi naye alikuwa na hotuba, akaomba aichape mwenyewe. Mwanahawa akamwachia kiti, akaenda kukaanga sambusa.

Sambusa za kwanza zimeiva, anazileta kwenye sahani, akasikia yowe.

Kioo kilikuwa chekundu, kimejaa maandishi ya kudai fedha ili mafaili yafunguliwe. Kando imechomekwa flashi ya kaswida, ya kuazimwa sokoni, Shangazi aliyotaka imtumbuize akichapa.

"Umeifungulia wapi?" Mwanahawa aliuliza, akitua sahani.

"Chumba cha wageni! Mimi mshamba?"

Mwanahawa akapumua. Akashika kipanya.

"We mtoto, ngoja! Hotuba yangu imo humo!"

"Imo humu inafanya nini?"

"Hotuba ni ya wageni. Ulitaka nikaiandikie jikoni?"

Mwanahawa akajaribu kuifungua. Herufi zilikuwa zimevurugika kama unga uliopitiwa na kuku. Kuokoa hapakuwa na cha kuokoa. Akakifunga kidirisha, virusi, kaswida na hotuba vikapotea pamoja. Kisha akafungua video. Doto huyo, anatabasamu, wanja wake umesimama vilevile.

Shangazi hakutazama hata wanja.

"Umenibomolea chumba nami nimo ndani! Kaka Awadhi, njoo umwone mwanao! Aniombe radhi hapahapa."

Mzee Awadhi alikuja, akakohoa, akatazama dari. "Mwanangu, ni neno moja tu. Liseme tukale."

"Baba, shikamoo yake nampa asubuhi na jioni. Sambusa ya kwanza ni yake. Hotuba anitajie, nitaichapa upya, na koma zake zote. Lakini angeifungulia ile flashi nje ya kidirisha, leo tungekaa tunatazama ukuta. Radhi siombi."

"Hata ya kutania?" Shangazi aliuliza, mkono tayari uko kwenye sahani.

"Hata ya kutania. Na hiyo flashi hailali humu ndani."