Magari ya Jumapili Alasiri

Kila Jumapili, saa nane mchana ikikaribia, Mtaa wa Sikukuu ulishikwa na haraka. Wenye magari walirudi mbio kutoka kanisani, kutoka ufukweni, kutoka kwa wakwe zao Magomeni, wakayaingiza uani na kufunga mageti. Baada ya saa nane, gari la mtu binafsi halikuruhusiwa barabarani bila kibali, kwa sababu petroli ilikuwa haba. Lami ikabaki tupu. Watoto wakatoka na mpira wa makaratasi, na wanawake wakatandika mikeka barazani, huyu akisuka nywele, yule akichambua mchele wa foleni, lakini macho ya wote yalikuwa kwenye kona ya Mtaa wa Mkunguni.

Benedikta hakusuka wala hakuchambua. Alikaa ukingoni mwa baraza, mikono mapajani, akisikiliza injini.

Masikio hayo alipewa na mumewe. Vitalis, mtu wa Masasi, alikuwa fundi wa magari kwenye gereji moja mtaa wa Gerezani, na alikuwa na ugonjwa wa magari ya zamani. Wakiwa sokoni, katikati ya kubishania bei ya dagaa, angemshika kiwiko na kumnong'oneza, "Bena, geuka taratibu. Ile ni Humber. Imetuzidi umri sisi wote wawili." Siku moja walikuwa wanakwenda msibani Magomeni, akashuka kwenye basi kwa sababu ameona Opel Kapitan imeegeshwa chini ya mkungu. Alifika msibani watu wameshanawa mikono. Benedikta alimpenda, kwa hiyo alijifunza. Mwishowe akawa anaweza kufua nguo uani na kujua gari gani linapita barabarani.

Kisha vipuri vikaisha nchini, gereji ikafungwa, Vitalis akabaki hana kazi wala kitambulisho cha kazi. Ikaja operesheni ya kuwapeleka wasio na kazi mashambani. Lori lilipofika, Vitalis alikuwa ameinama mbele ya duka la vitambaa, anatazama Morris moja kuukuu kwa furaha yake yote. Mgambo alimwuliza anafanya nini. Akasema anatazama gari. Mgambo akasema kutazama gari si kazi, akamwonyesha pa kupandia. Ndani ya lori alimkuta Isidori, mume wa Scholastika wa chumba cha pili, aliyekuwa ametumwa chumvi.

Walipelekwa kwenye shamba moja ng'ambo ya Rufiji. Barua haikuja hata moja. Baada ya masika, magari yakaanza.

La kwanza lilikuwa Wolseley nyeusi, aina ambayo mjini ilikuwa haijaonekana tangu kabla ya Uhuru. Ilipita polepole, kiti cha dereva kitupu, usukani ukijizungusha kwa adabu. Kwenye kiti cha nyuma alikaa Zahoro, mshona viatu wa mtaa wa pili, aliyechukuliwa na lori hilo hilo. Udongo ulikuwa umemkaukia mpaka kwenye viwiko. Watu walimwamkia, akawaitikia kwa kichwa. Wiki ile ile kijana mmoja alitoroka shambani, akafika kwa mguu, akaeleza kwamba Zahoro amefariki. Mtaa ukaelewa. Aliyekufa kule hupitishwa nyumbani kwake mara moja, Jumapili, njia ikiwa nyeupe, kisha huendelea na safari yake. Hakuna aliyeona ajabu. Maiti nao walihitaji usafiri, na mabasi hayakuwatosha hata walio hai.

Ila tangu siku hiyo, kila mlio wa injini uliwageuza watu shingo kuelekea Mkunguni.

Isidori alikuja kwa Vanguard ya kijivu, yenye mgongo kama kobe. Benedikta aliitambua ikiwa bado Mkunguni, akainamisha uso, akamshukuru Mungu kwa aibu alipomwona aliyekaa ndani. Scholastika aliuweka ungo chini, akaufunika kwa khanga kuku wasile mchele, akashuka mpaka ukingo wa lami.

"Baba Tekla," akaita.

Isidori aligeuka, akatabasamu kidogo, kama mtu aliyeonwa akiwa ndani ya basi. Gari likakata kona. Scholastika akaingia ndani, akatoka amejifunga kaniki.

Kesho yake Benedikta alimsindikiza ofisi ya mtaa. Katibu wa mtaa, Ndugu Tarsis, aliwakaribisha vizuri, akawapa viti.

"Taarifa nilizonazo," alisema, "ni kwamba wenzetu wote wa shambani ni wazima na wanapalilia pamba."

"Nimemwona kwenye gari, Ndugu Katibu," Scholastika alisema.

"Hata mimi nimemwona. Nilikuwa dirishani. Vanguard ya kijivu." Tarsis alipangusa meza kwa kiganja. "Lakini gari halikuwa na kibali, mama. Mtu aliyemo kwenye gari lisilo na kibali, mimi nitamtambuaje?"

Kuanzia hapo Benedikta hakulala tena usingizi wa kueleweka. Akisikia pikipiki, anakimbilia barazani. Lori la maji likipita, anashika ukuta. Akafikiri, huenda wanakufa kwa sababu kuna watu wanaowangoja. Huenda pasipokuwa na wa kumtazama, Vitalis hatapita, na asipopita hatakuwa amekufa. Jumapili moja akaenda viwanja vya Jangwani, akakaa peke yake majanini mpaka jua likapoa, masikio ameyaziba kwa pamba. Injini aliisikia vile vile, humo humo ndani ya pamba.

Alirudi mtaani anakimbia. "Amepita nani?"

"Hajapita mtu, dada," alijibu Angelina, mke wa Eliakimu seremala, mwali aliyehamia chumba cha mbele mwaka ule.

Benedikta alikaa chini pale pale mlangoni. Njiani alikuwa ameona moyoni sura ya Vitalis akichungulia dirisha la gari, akimtafuta baraza zima, asimkute. Hakwenda Jangwani tena.

Gari la Vitalis lilikuja siku ambayo mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na mtaa umejaa madimbwi. Mlio ulitangulia, mzito, wa chini, kama mtu anayekohoa ndani ya tangi. Benedikta alitafuta jina lake akalikosa. Ndiyo injini ya kwanza kutoijua tangu Vitalis amfunze, na kwa kutoijua huko akajua.

Lilikuwa refu, kijani iliyokolea, na taa za mbele kubwa kama masufuria. Lilipita juu ya madimbwi, maji yasitikisike. Siku hiyo alikuwa zamu askari wa barabarani mgeni, jina lake Uwesu, ambaye hakuwa amezoeshwa mambo ya mtaa ule. Aliinua mkono. Gari likatii, likasimama mbele ya baraza. Uwesu alitazama kiti kitupu cha dereva, akazunguka mpaka dirisha la nyuma.

"Kibali."

"Sina, afande," akajibu Vitalis.

Angelina ndiye aliyemwinua Benedikta na kumsukuma mbele. Vitalis alikuwa amekonda, mifupa ya mabega imesimama, kucha zimejaa udongo. Lakini macho yake yaling'aa.

"Bena, unaijua hii?"

"Siijui."

"Austin Sheerline. Mimi nilidhani hazikufika nchi hii. Hebu sikiliza injini."

Akasikiliza, kwa kuwa ameombwa.

"Umekufa lini, Vitalis?"

"Alhamisi. Tulikuwa tunahara bweni zima. Maji ya kule hayafai." Alisema hivyo kama anayetoa habari za soko. "Wametuzika pamoja, kando ya mtaro. Msalaba hawakuweka."

"Uliogopa?"

"Mwanzoni. Wanaoogopa sasa ni waliobaki, Bena. Usiku hawajilazi. Wanalala wamekaa, kila mtu kamshika mwenzake, ili anayekwenda ajulikane."

Benedikta alishika kitasa cha mlango. Kilikuwa baridi kama chuma cha kisimani. Alivuta, akavuta tena kwa mikono miwili.

"Kwa nje haufunguki," Vitalis alisema, na sauti yake ikawa ile ya fundi anayemwomba radhi mteja. "Ubovu mdogo tu. Ningekuwa na bisibisi."

Uwesu alikohoa kidogo. "Mama, pole. Gari linaziba njia."

Akalipungia mkono liende. Kutoka ubavuni mwa gari kikachomoza kimkono chekundu cha kuonyesha upande, kama magari ya zamani yalivyofanya, na Vitalis akageuza shingo kukitazama kwa furaha, mpaka gari lilipopotea kwenye kona.

Jumatatu Benedikta alikwenda ofisini peke yake.

"Vitalis ni mzima," alisema Tarsis kabla hajaulizwa.

"Nimezungumza naye. Amesema wamezikwa pamoja, kando ya mtaro."

Tarsis aliinuka, akafunga dirisha. Aliporudi kitini, jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Hilo la mtaro, mama, usilirudie. Hapa usilirudie, na sokoni usilirudie. Nakuomba kama dada yangu." Kisha akapaza sauti ili waliokaa kwenye benchi la nje wasikie: "Mumeo hajambo na anakusalimu!"

Wiki hiyo hiyo ukaitishwa mkutano wa mtaa. Tarsis alitangaza kwamba yale magari ya zamani yanayopita Jumapili alasiri yamefikiriwa, na yatapewa vibali. Askari hawatakuwa na sababu ya kuyasimamisha, na wananchi hawatakuwa na sababu ya kuyasogelea. Watu walipiga makofi kwa sababu mgambo walikuwa wamesimama nyuma.

Jumamosi Benedikta aliweka matanga bila maiti. Wanawake walijaa chumbani, wanaume wakakaa uani chini ya turubai. Walikuwa katikati ya rozari lori liliposimama nje. Mgambo aliyeingia alivua kofia, akangoja sala iishe, akapokea na kikombe cha kahawa, akakinywa chote. Ndipo akaomba vitambulisho.

Eliakimu alikuwa nacho. Kilikuwa kwenye suruali nyingine. Angelina alikimbia chumbani kukichukua, akapekua sanduku, akapekua kamba ya nguo, na alipotoka na suruali mkononi, kitambulisho kikiwa mfukoni, lori lilikuwa limeshaingia Barabara ya Uhuru, Eliakimu akiwa ndani.

Jumapili zilizofuata magari yalipita yamebandikwa vibali kwenye kioo cha mbele. Uwesu aliyapigia saluti, akitazama pembeni. Pamba ilipaliliwa, kwa mujibu wa taarifa, na lori liliendelea kuja siku za kazi. Benedikta hakuwa tena na mtu wa kumngoja. Angeweza kulala mchana kama watu wengine. Lakini saa nane ilipopiga alitoka, akatandika mkeka kando ya Angelina, ambaye alikuwa ameitafuna ncha ya khanga yake mpaka imechanika.

Mlio ukasikika. Angelina alimshika mkono. "Ile ni nini, dada?"

"Peugeot ya daktari. Kaa."

Wakakaa. Watoto walipiga mpira wao. Mlio mwingine ukaja.

"Na ile?"

"Landrover ya watu wa maji. Pumua, Angelina."

Jua lilikuwa limeanza kulegea juu ya mabati pale mlio wa tatu ulipotokea upande wa Mkunguni, mwembamba, laini, unaovuta pumzi kila baada ya kitambo. Benedikta aliutambua mara moja. Zephyr, ile ya toleo la kwanza kabisa. Ya mwisho mjini ilikatwa chuma chakavu Gerezani miaka kadhaa kabla gereji haijafungwa.

"Na ile, dada?" Angelina aliuliza. "Dada Bena, na ile?"

Benedikta alisogea nyuma, akampisha ukingoni, mahali panapoonekana vizuri.