Bitana ya Barakoa

Fyuu, fyuu. Kabla sijafumbua macho nilisikia mashine ya Mama ikipuliza upande wa pili wa ukuta, nikatulia. Kwangu sauti ile ilikuwa na maana moja tu: amelala na barakoa usoni, na hewa inamfika kifuani kama tulivyoagizwa.

Mama ni fundi cherehani. Mwili umemwelemea hata ngazi za nyumbani anazipanda kwa vituo, kama gari bovu. Hivyo husema mwenyewe, kabla mtu mwingine hajamsemea. Ana kisukari, ana presha, na akilala pumzi humkatika. Madaktari walikubali kumfanyia upasuaji wa kupunguza tumbo, ila walisema wazi kwamba kwa mtu wa hali yake kisu si hatari kama usingizi wa dawa. Asipoizoea mashine, huenda wakamlaza asiamke. Asipopasuliwa, moyo wake hauna safari ndefu. Huku kisu, huku kaburi.

Basi tukawa watu wa kujiandaa. Supu nyepesi asubuhi, supu nyepesi jioni, ili ini linywee lisimzibie daktari njia. Kutembea hadi kona na kurudi. Foleni, vipimo, kisha foleni ya vipimo vingine. Nilichoka mimi msindikizaji, sembuse yeye. "Hata harusi yangu haikuandaliwa hivi," aliniambia, "na kule angalau watu walikula."

Asubuhi hiyo tulikwenda kwa daktari wa usingizi tukiwa na matumaini. Alichomeka kadi ya kumbukumbu ya mashine kwenye kompyuta, akatazama kwa muda, akasema upasuaji umeahirishwa. Mashine ilikuwa ikiwashwa kila usiku, lakini hewa karibu yote ilivuja nje. Bila kuinua macho akaongeza kwamba wagonjwa wa aina hii wamezoea kudanganya, huiwasha mashine bila kuvaa barakoa.

Mimi ni mchomeleaji wa vyuma. Moto ndio kazi yangu, na mara nyingine nasahau kuuacha karakana. Nilimwambia mama yangu si mwongo, na kwamba kama elimu yake ni ya kumtukana mtu bila kumtazama usoni, basi shule ilimpotezea muda.

Mama akanivuta shati. "Baba, kaa chini. Huyu ndiye atakayeishika roho yangu mkononi. Usimkasirishe kabla sijalala."

Daktari akaomba aione barakoa. Mama akaitoa mkobani. Pembeni pote, pale mpira unapogusa uso, ilikuwa imewekwa bitana nene ya kitambaa, imeshonwa kwa mkono, mishono midogo kama punje za mchanga. Mama akaeleza, kwa aibu iliyochanganyika na majivuno kidogo, kwamba mpira ulimchubua mashavu. Nguo ikimkwaruza mteja, fundi huitia bitana. Tena hakutumia nailoni. Alichagua pamba, kwa kuwa pamba inapitisha hewa.

Daktari akaibonyeza bitana kwa kidole. Kisha akamtazama Mama kwa mara ya kwanza.

"Ndiyo hiyo, mama," alisema taratibu. "Imepitisha yote."

Akamwomba radhi kwa kumwita mdanganyifu. Akaanza kueleza kwamba barakoa zina saizi, lakini mimi nilikuwa bado nawaka. Nilimshika Mama mkono, nikamtoa nje.

Nyumbani Mama aliketi kwenye kiti chake cha cherehani, wembe mkononi, akaanza kufumua mshono mmoja mmoja. Katikati ya kazi akauweka wembe chini. Alisema hakiogopi kisu, amechoshwa na maandalizi. "Nimeandaliwa mpaka nimeiva, na bado sijapakuliwa. Tuache tu, mwanangu."

Nilimwambia hatuachi. Akanitazama kama anavyoutazama mshono uliokwenda upande.

"Wewe unagombana na kila mwenye koti jeupe. Siku nitakapolala pale sina fahamu, nani atanisemea kwa watu wale? Moto wako?"

Nikaichukua barakoa, nikaivaa, nikawasha mashine. Hewa ilinijia kama mtu anayenisukumia maneno kooni nisiyoyataka. Mpira ukanibana mfupa wa pua. Nilivumilia kidogo tu, nikaivua, macho yakichuruzika machozi.

"Hivi ndivyo unavyolala?"

"Hivi ndivyo ninavyojaribu kulala," alisema, akacheka bila nguvu.

Akauchukua wembe tena. Uzi wa mwisho ulipotoka, akakikunja kile kitambaa vizuri, akakiweka kwenye droo ya vipande. Usiku angeivaa barakoa kavu kavu, alisema, ingawa mashavu hayajapona. Lakini fundi hamshonei mtu bila kumpima, na mimi ndiye niliyemtoa kwenye vipimo.

Nikapiga magoti kando ya kiti chake.

"Kesho asubuhi narudi kwa yule daktari, Mama. Nitamwomba radhi, na nitamwomba akupime upate barakoa inayokutosha. Na siku watakayokulaza nitakaa pale mlangoni, nikisema nao vizuri, mpaka uamke."