Unga wa Lusina

Mwezi wa nane nyasi za Mjimwema zilikuwa zimekauka, na Aurelia hakuwa tena na nguvu za kushuka bondeni kutafuta mbichi. Kila asubuhi alimgeuza mumewe kitandani, akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akafua mashuka. Jioni alianza upya. Katikati ya hayo kulikuwa na sungura: majike wanane na dume mmoja, kwenye mabanda ya mbao nyuma ya jiko.

Mumewe, Makarius, alikuwa bwana mifugo kule Lusewa kwa miaka ishirini na sita. Kiharusi kilimwangusha siku chache baada ya Pasaka, kikachukua upande wa kulia na karibu maneno yote. Wageni waliokuja kumwona walimzungumzia kana kwamba hayupo. Aurelia naye, bila kukusudia, alishaanza kufanya hivyo.

Jirani yake Getruda ndiye aliyemwambia habari za lusina, ile miti iliyoota kando ya uzio.

"Mbuzi wangu wanaipenda," alisema. "Kata matawi, anika kivulini, majani yakikauka twanga. Unga wake unakaa miezi. Hutahangaika na nyasi."

Aurelia alijaza mifuko miwili. Mwanzoni aliutia kidogo kwenye pumba za mahindi. Pumba zilipopungua akaongeza unga, mpaka chakula kikawa kijani kitupu. Sungura walikula, na hilo lilimtosha.

Wiki ya tatu manyoya yakaanza kudondoka. Alidhani ni joto. Kisha jike mmoja akazaa watoto watano, wote wafu. Wa pili akazaa wanne, hivyo hivyo. Wengine hawakushika mimba kabisa, ingawa aliwapandisha mara mbili. Aurelia alichimba shimo chini ya mgomba, akafukia, akarudi ndani kumgeuza Makarius. Hakulia. Hata kulia kungetaka nguvu.

Mchana huo alimbeba jike mmoja hadi dirishani chumbani, aione vizuri ngozi yake.

"Jumamosi nawauza wote," alisema, akiuambia ukuta zaidi kuliko mumewe. "Nimechoka, Baba Aidan."

Makarius alinyoosha mkono wa kushoto. Aurelia akampa maji, naye akakisukuma kikombe. Alimtaka sungura. Alipowekewa juu ya blanketi, vidole vyake vilipita mgongoni penye upara, vikashuka tumboni, vikapapasa polepole. Mdomo ukahangaika.

"Cha... chakula."

"Uji unapoa, nakuletea."

Akatikisa kichwa, akamgusa sungura. "Chake."

Aurelia alileta unga kwenye bakuli. Makarius aliusugua vidoleni, akaunusa, akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Lusina," alisema. Neno lilitoka zima. Akapumzika, kisha akaendelea: "Nyingi. Inaua... mimba."

Aurelia akakaa sakafuni. Miezi mitano alikuwa amefuga kando ya mtu aliyewafundisha wafugaji wengi wa Lusewa, asimwulize hata swali moja. Aibu ilimpanda, na hasira juu yake.

"Mbona hukuniambia?"

Makarius alirudisha mkono juu ya sungura. "Hu... hukuuliza."

Tangu siku hiyo alimletea majani kitandani: mlonge, viazi vitamu, mforosadi. Makarius alionyesha mafungu kwa vidole. Pumba, alizoanza kununua tena, ndizo zilikuwa nyingi, mlonge ukafuata. Lusina aliipa kijiko kimoja tu. Kazi haikupungua, iliongezeka. Kulikuwa na siku maneno yalimgomea Makarius akageukia ukutani, na siku Aurelia alimfokea, kisha akatoka nje, akarudi kumwomba msamaha.

Manyoya yalianza kurudi. Majike wawili hawakushika mimba tena. Lakini mwanzoni mwa Novemba mmoja alizaa saba. Wawili wakafa siku ya kwanza, watano wakabaki, wenye joto, wakijisukuma chini ya manyoya ya mama yao.

Aurelia aliingia chumbani. "Watano wazima," alisema.

"Ma... ziwa?"

"Anayo. Nimeona matumbo yao yamejaa."

Makarius akafumba macho, ameridhika. Aurelia alikuwa bado na mashuka ya kufua. Aliketi sakafuni, akaegemea kitanda kwa dakika moja tu, na usingizi ukamchukua hapo hapo alipokaa.